Binti wa Mfalme, Mfuko wa Karatasi na Kibuti cha Karne

Leo nina ubuyu wa moto. Na nikisema wa moto namaanisha moto kweli, maana kuna nyumba imeteketea humu ndani.

Iko hivi. Kuna binti mmoja wa familia ya kifalme. Mrembo, makazi yake ni kasri, nguo zake za bei mbaya, na ana mchumba ambaye naye ni mtoto wa mfalme. Mipango ya harusi imeiva. Ghafla linaingia balaa, kasri linaungua lote, nguo zote zinageuka majivu, na mchumba anatekwa. Binti anatoka peke yake kwenda kumkomboa. Anahangaika njiani, anafika, anamshinda mtekaji, anafungua mlango.

Unajua jamaa alimpokeaje? Asante hakuna. Alianza kumkosoa kwamba ananuka majivu, nywele zimevurugika, nguo aliyovaa ni aibu, hivyo aondoke na arudi siku atakayopendeza kama binti wa mfalme. Yaani mtu bado yuko kwenye mikono ya mtekaji lakini anachagua nguo za mwokozi wake!

Binti akampiga kibuti palepale. Harusi ikafa.

Najua hapo ulipo umeshaanza kukisia majina. Acha kabisa, huyu humfuati popote mtandaoni. Jina lake ni Elizabeth, mchumba ni Ronald, na mtekaji ni joka linalotema moto. Wametoka kwenye kitabu cha picha cha watoto kinachoitwa The Paper Bag Princess, yaani binti wa mfalme wa mfuko wa karatasi. Kilitoka mwaka 1980 kule Canada. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kabla chai haijapoa. Ila historia yake ni ndefu, na mimi imenigusa kwa sababu nitakayokwambia huko mbele. Twende pamoja.

NILIVYOKUTANA NACHO

Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, wale wanaotandika turubai chini pembeni ya barabara. Nilikuwa natafuta zawadi ya mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, na kwenye pochi kulikuwa na hela ya nauli na chenji kidogo. Nikaona jalada: binti mdogo kasimama kajaa masizi, kavaa mfuko wa karatasi, na mbele yake kuna joka kubwa. Nikasema hiki hiki.

Usiku nikakaa kitandani na mtoto, namsomea huku namtafsiria. Kiingereza chenyewe ni cha kidato cha nne, lakini maneno ni mepesi na picha zinaongea. Kwa wale ambao hawajakisoma, ngoja niwape kisa chenyewe kwa maneno yangu.

Joka linavamia kasri, linachoma kila kitu na kuondoka na Ronald. Elizabeth anabaki bila hata kitambaa. Anatafuta cha kujisitiri, anapata kitu kimoja tu ambacho hakikuungua, mfuko wa karatasi. Fikiria mfuko wa khaki, ila mkubwa wa kumtosha mtu. Anauvaa anaanza safari. Wala hahitaji ramani, kwa sababu joka lilikopita misitu imeungua na mifupa ya farasi imezagaa.

Anafika kwenye pango, anagonga mlango. Joka linamwambia limeshiba, limekula kasri zima, aje kesho. Anagonga tena. Hapo ndipo akili inapoingia kazini. Elizabeth hana upanga, hana jeshi, hana hata viatu. Anachofanya ni kulipa joka misifa. Analiuliza kama ni kweli kwamba linaweza kuchoma misitu kumi kwa pumzi moja. Joka nalo, si unajua wapenda sifa walivyo, linavuta pumzi na kuchoma misitu hamsini. Anasifia, anaomba liongeze. Linachoma misitu mia. Anaomba tena, sasa hakitoki kitu, moto umeisha kiasi kwamba hata kababu moja haiwezi kuiva. Kisha anauliza kama ni kweli linaizunguka dunia nzima kwa sekunde kumi. Linaruka, linazunguka, linarudi linahema. Anaomba lirudie. Linarudia, na likitua linaanguka usingizi mzito. Elizabeth anaingiza kichwa sikioni mwake na kupiga kelele kwa nguvu zote. Halishtuki. Basi anapita juu yake na kufungua mlango.

Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na sisi tuliolelewa na hadithi za sungura anayemzidi simba kwa maneno tu, hii mbinu tunaijua vizuri. Mnyonge hapigani kwa misuli. Anamwacha mwenye nguvu ajimalize mwenyewe.

SWALI LA JIKONI, AU TUSEME LA CHEKECHEA

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe. Mwandishi ni Robert Munsch, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1945 katika mji wa Pittsburgh. Huyu jamaa alisomea upadri miaka kadhaa, upande wa Wajesuiti, kabla ya kugundua kwamba moyo wake uko kwa watoto wadogo. Miaka ya 1970 akawa anafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto huko Coos Bay, jimbo la Oregon. Mke wake, Ann, alikuwa anafanya kazi hapohapo.

Munsch alikuwa fundi wa kusimulia. Hakuwa anasoma kitabu, alikuwa anatunga papo hapo huku anawaangalia watoto usoni. Wakichoka, anabadilisha. Wakicheka, sehemu hiyo inabaki. Hadithi ambayo watoto waliiomba tena kesho yake ndiyo ilipona, ambayo hawakuiomba ilikufa. Fikiria mwandishi ambaye wahariri wake wana miaka minne na wengine wananyonya kidole.

Miongoni mwa hadithi hizo zilikuwemo za majoka, na zote zilikuwa za aina moja. Joka linamteka binti wa mfalme, mtoto wa mfalme anakuja na upanga, anamwokoa, wanaoana. Munsch mwenyewe amesimulia kwamba siku moja mke wake alimfuata na kumuuliza kwa nini kila siku mwanamume ndiye anamwokoa mwanamke. Kwani mwanamke hawezi kumwokoa mwanamume?

Munsch akafikiri, akaigeuza hadithi moja. Matokeo yake ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Anasema watu wazima waliokuwa pale walifurahi sana, na watoto wala hawakuwa na shida.

Hebu tulia hapo kidogo. Watoto hawakuwa na shida! Kwa mtoto wa miaka minne, binti kumwokoa kijana ni jambo la kawaida tu, muhimu joka liwepo na moto uwake. Aliyekuwa amefungwa kichwa ni mtu mzima aliyekuwa anasimulia. Na wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anarudia alichokisikia, kama tunavyorudia sote.

Jaladani utakuta majina mawili, la Munsch na la mchoraji. La Ann halipo. Lakini bila lile swali lake, Elizabeth angekuwa amelala ndani ya pango anasubiri kuokolewa kama wenzake wote.

WENZAKE WALIKUWA WANALALA

Na kweli walikuwa wanalala, hiyo siyo lugha ya picha. Charles Perrault wa Ufaransa alichapisha hadithi zake maarufu mwaka 1697, mle ndani yumo binti anayelala miaka mia moja, na yumo Cinderella. Ndugu wawili wa Kijerumani, akina Grimm, wakatoa mkusanyiko wao wa kwanza mwaka 1812. Wao ndio waliompa dunia Snow White tunayemjua, yule anayelazwa kwenye jeneza la kioo.

Halafu ikaja sinema. Disney wakatoa Snow White mwaka 1937, Cinderella mwaka 1950, na yule mrembo anayelala mwaka 1959. Ukiziweka pamoja unaona mtindo mmoja. Binti anapendeza, anapata matatizo, anasubiri. Wawili kati ya hao watatu wanaokolewa wakiwa usingizini kabisa! Na Cinderella, ambaye yuko macho, anatambuliwa kwa saizi ya kiatu. Lazima kwanza apendeze ndipo mtu amwone. Kwenye majivu hakuna aliyemuona.

Kwa hiyo mzee Munsch na mkewe walipokuwa wanabishana kule Oregon, watoto wa kike wa vizazi kadhaa walishakula chakula hichohicho. Lakini upepo ulikuwa unabadilika. Harakati za wanawake zilikuwa zimepamba moto Marekani na kwingineko, na Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1975 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake. Swali la Ann halikuanguka tu kutoka mbinguni, lilikuwa swali la zama zake. Tofauti ni kwamba yeye hakulipeleka kwenye mkutano. Alilipeleka kwenye hadithi ya watoto wanaojiandaa kulala mchana.

TISA HAPANA, MMOJA NDIYO

Mwaka huohuo wa 1975 familia ilihamia Guelph, jimbo la Ontario, Canada, Munsch akafanya kazi kwenye shule ya awali ya chuo kikuu cha hapo. Watu waliomsikia wakamsukuma aandike. Akaandika hadithi kumi na kuzituma kwa wachapishaji kumi. Tisa wakakataa. Wa kumi, kampuni changa ya Toronto inaitwa Annick Press, akakubali moja. Kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1979. Mwaka uliofuata akatoka Elizabeth na mfuko wake.

Kwa hiyo wewe uliyekataliwa juzi na ukaamua kufuta kila kitu ulichoandika, ebu rudi kwenye kikapu cha taka cha simu yako.

Picha zilichorwa na Michael Martchenko, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Canada. Alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, na hiki ndicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza cha watoto. Huyu bwana ana ubuyu wake ndani ya picha. Ukifungua ukurasa wa kwanza, maneno yanakwambia Elizabeth na Ronald wataoana. Lakini angalia picha. Elizabeth kamwangalia Ronald, mioyo imemjaa kichwani. Ronald kampa mgongo, pua juu. Hamwangalii kabisa! Jibu lilikuwepo tangu ukurasa wa kwanza, kabla joka halijafika. Sisi ndio hatukutaka kuliona. Ni wangapi tumewahi kukaa kwenye ukurasa huo?

MWISHO ULIOLETA MANENO

Sehemu iliyowapa watu kazi ni ile ya mwisho. Munsch amesimulia kwamba alipokuwa anaisimulia kwa mdomo, Elizabeth alikuwa anamtandika Ronald ngumi ya pua. Kwenye kitabu ngumi ikaondolewa. Badala yake Elizabeth anamwambia Ronald kwamba kweli nguo zake nzuri na nywele zake zimekaa sawa, ila yeye mwenyewe ni mtu wa hovyo tu.

Neno lenyewe alilotumia, kwa Wamarekani na Wakanada ni mtu asiye na faida. Kwa Waingereza neno hilohilo ni makalio. Kwa hiyo kwenye matoleo ya huko likabadilishwa, Ronald akaitwa chura. Maskini Ronald, kavuka bahari kawa chura.

Binafsi nafurahi ngumi ilitoka. Siyo kwamba Ronald hakustahili, alistahili. Ila ngumi ingegeuza hadithi kuwa ya hasira. Maneno yaliyobaki yanauma zaidi, kwa sababu ni ukweli uliosemwa kwa utulivu. Elizabeth alikuwa anampima mtu kwa nguo, na mtu alikuwa anampima yeye kwa nguo. Joka lilipochoma nguo za Elizabeth ndipo kila kitu kikaonekana.

Wapo watu wanaosema kitabu hiki kinawafundisha mabinti kudharau wanaume. Nimefikiria hoja hiyo vizuri, sikubaliani nayo. Mtu anayedharau wanaume hatembei msituni amevaa karatasi kwenda kumkomboa mmoja. Elizabeth alimpenda Ronald, tena alimpenda kwa vitendo. Alichokikataa ni dharau. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na nadhani kaka zetu nao wanastahili kuvijua mapema.

Picha ya mwisho ndiyo tamu zaidi. Binti anarukaruka kuelekea kwenye jua, mfuko wake mwilini, mikono hewani. Hana kasri, hana mchumba, hana nguo. Wala halii.

BAADA YA HAPO

Kitabu kimetajwa kuuza zaidi ya nakala milioni 7. Munsch akawa kipenzi cha Canada nzima, mwaka 1999 akapewa nishani ya Order of Canada. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Inauma, mtu aliyehifadhi mamia ya hadithi kichwani ndiye zinamponyoka. Hadithi zenyewe zimebaki kwa watoto.

Na sinema nazo zilifuata upepo huo. Shrek ya mwaka 2001, binti wa mfalme anapiga watu mateke na mwisho wake hageuki mrembo wa kawaida. Brave ya 2012, binti anakataa kuozwa. Frozen ya 2013, mchumba wa siku moja anageuka kuwa nyoka. Sisemi walimkopi Elizabeth, ila yeye alishafika hapo tangu 1980, kwa miguu, bila bajeti ya mamilioni. Mwaka 2017 ziliripotiwa hata habari za Margot Robbie na Elizabeth Banks kuungana ili kitabu hiki chenyewe kiwe filamu.

SASA LA NYUMBANI

Nilisema kuna sababu ya kunigusa. Dada yangu, mama wa huyo mtoto niliyemsomea, alikuwa na mchumba. Jamaa alikaa bila kazi karibu mwaka mzima. Dada alikuwa anakaanga vitumbua na kuuza uji alfajiri, hela ya kodi ya chumba ikatoka humo, nauli za jamaa za kwenda kwenye usaili zikatoka humo, hata lile shati jeupe. Kazi ikapatikana. Miezi miwili baadaye kukawa na sherehe ya ofisini kwao, wafanyakazi waje na wenza wao. Jamaa akamwambia asije, maana nguo zake na nywele zake zinanuka moshi.

Moshi wa nani? Moshi uliomnunulia shati!

Dada alirudisha pete siku ileile. Na hapo ndipo joka la pili lilipotokea, sisi wenyewe. Ndugu wote, na mimi nikiwemo, tulimwambia avumilie. Nilimwambia kabisa, dada, neno moja tu hilo, mwanamume mwenye kazi haokotwi. Nikiikumbuka sentensi yangu hiyo natamani kuingia chini ya meza.

Sasa usiku ule nasoma, dada alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele wa vitumbua. Nilipofika pale Ronald anaanza kulalamikia majivu, nikasikia kicheko nyuma yangu. Dada kacheka mpaka ungo ukayumba. Akasema, "Huyo namjua mimi." Basi. Hakuongeza neno.

Mtoto akaniuliza, "Mama mdogo, kwa nini asingeenda kuvaa nguo halafu arudi?"

Nikamwambia zote ziliungua.

Akafikiri. Akasema, "Basi huyo kaka angempa koti lake."

Nimesoma maoni ya watu wazima wengi kuhusu hiki kitabu, hakuna aliyefika hapo. Miaka sita, na tayari anajua mtu akikuokoa umefanyiwa nini, na wewe unapaswa kufanya nini. Ni kama wale watoto wa Coos Bay, yeye hakuwa na shida na binti kumwokoa kijana. Shida aliiona kwa kijana aliyekaa na koti lake.

Nilipozima taa nilimwambia dada samahani kwa yale niliyoyasema wakati ule. Akanijibu, "Nimeshasahau, lala kesho unanisaidia kusaga mchele." Lakini alikichukua kile kitabu, na sasa kinakaa kwenye rafu ya vyombo vyake, pembeni ya karai la vitumbua.

Haya wadau, zamu yenu. Umewahi kumwokoa mtu halafu akakuangalia nguo? Au wewe ndiye ulikuwa Ronald? Usiogope, huku majina hatutaji. Na kama ulikuwa yule ndugu anayesema vumilia, karibu tukae benchi moja. Tupia maoni yako hapo chini, nitayasoma yote.